Mama Mdogo Hayumo Kwenye Mfumo

Jumatatu, 4 Machi
Mfumo wa likizo umeanza leo hospitalini. Kanuni zote nimeziandika mimi — thelathini na mbili! Hakuna tena kubembeleza mlangoni kwa meneja. Unajaza fomu kwenye kompyuta, unajibiwa papo hapo. Wamenipigia makofi. Nimevimba kichwa kidogo, nakiri.

Jumatano, 6 Machi
Kaja dobi wetu, mikono imekunjamana kwa maji. Kafiwa na mama. Mfumo umemnyima likizo ya msiba: jina la marehemu silo lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.
"Ni mama mdogo," kasema. "Aliyenizaa alifariki sijaota meno. Huyu ndiye aliyenilea."
Nikamweleza: kanuni inataja mzazi, mwenza, mtoto. Basi.
Akanitazama kwa huruma — ati mimi! "Mwanangu, kwani wewe mama zako ni wangapi?"
Akaenda kuzika.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwona meneja. Si mtu mbaya. Anasema tukilegeza, kila wiki mtu atafiwa na shangazi. Sheria ni msumeno. Na ana hoja! Zamani likizo walipata waliojuana naye tu. Ndiyo sababu nilizipigania kanuni hizi.

Jumatatu, 11 Machi
Jamani. Siku tatu bila ruhusa — mfumo unatoa wenyewe barua ya kuachishwa kazi. Kanuni ya kumi na tisa. Niliiandika kwa ajili ya watoro sugu. Asubuhi hii limetokea jina la dobi! Barua inatoka saa kumi jioni.

Meneja yuko kikaoni, simu kazima. Nywila ninayo, naweza kuizuia barua. Lakini nikichezea kanuni bila idhini, nina tofauti gani na wale wa kujuana?

Nimeandika ombi rasmi: "Mzazi ni aliyemzaa au aliyemlea mfanyakazi." Dada wa mapokezi kachungulia. Kauliza, malezi atayathibitisha nani? Nikaongeza: mashahidi wawili. Halafu nikawaza — mzee anakaribia sitini. Waliomwona akilelewa wamebaki wangapi?

Saa tisa na nusu. Meneja bado.

Dobi karudi kazini tangu asubuhi, hajui lolote. Kapita sasa hivi na toroli la mashuka. Nikatoka kumwambia. Nikaishia kumpa pole ya msiba.
"Tumeshamsitiri, mwanangu," kasema. Halafu: "Mbona umechoka hivyo? Pole na kazi."

Saa kumi kasoro dakika nne. Nimeshaandika nywila. Sijabonyeza kitufe cha kuizuia barua.