Nasimiyu Harudi Kwao Mabanga

Kitale

Mayi, mama yangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa kwenye baraza la duka, cherehani iko mbele yangu na ukungu bado haujaondoka barabarani. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Hapo Myanga mvua imewafaa mahindi, au imeyalaza? Sisi huku tu wazima sasa. Nasema sasa kwa sababu kulikuwa na ugonjwa, nami nitakueleza. Mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii naomba asiruke neno, hata kama utaguna.

Mayi, nilipata ujumbe wako kwamba mke wangu Nasimiyu nimrudishe kwao Mabanga kwa kuwa ni mzito. Ukimwita anachelewa kuitika, ukimtuma anakwenda polepole, ukimgombeza ananyamaza. Hayo yote ni kweli. Hata mimi alipokuja kuishi nami hapa yalinishinda. Natoka kwenye cherehani adhuhuri na njaa inaniuma, nakuta sufuria ndiyo kwanza inachemka. Napiga kelele, yeye kimya. Kile kimya chake kilinichoma kuliko matusi.

Chumba chetu kiko nyuma ya duka, na ng'ambo ya ua anakaa mama mzazi wa tajiri wangu Mhindi. Sote tunamwita Ba, maana yake mama. Siku moja alisikia makelele yetu, akatuita wote wawili. Alitushika mkono hapa penye kifundo, akasikiliza damu inavyokwenda, akatutazama ulimi. Akauliza kama nalala vizuri, kama natoka jasho, nikikosa chakula nakuwaje.

Nasimiyu akajibu kwa niaba yangu, "Anakuwa simba."

Ba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatueleza elimu ya kwao. Mwalimu asiogope, hakuna kafara wala mizimu ndani yake. Wanasema miili ya watu ni ya namna tatu. Kuna wa upepo, mwembamba, mwepesi wa miguu na maneno, usingizi wake mchache. Kuna wa moto, mwenye njaa kali na hasira ya karibu. Na kuna wa maji na udongo, mnene wa mifupa, mpole, hana haraka, na akishika kitu hakiachi.

"Wewe iko moto," akaniambia. "Bibi yako iko maji na udongo. Sasa upepo iko nani?"

Nikakufikiria wewe, Mayi, unavyoamka kabla ya jogoo na kumaliza shamba wengine wakitafuta majembe. Nikamwambia, upepo ni mama yangu.

"Basi mama napuliza, wewe nawaka," akasema.

Hakusema watu wa namna tofauti waachane. Alisema kila mmoja aujue mwili wake na wa mwenzake. Mimi nisitoke asubuhi bila uji, nipunguze pilipili, na nikiwa na njaa nisianzishe neno lolote. Nasimiyu aamke mapema, atembee, anywe maji moto ya tangawizi, na nikimwita aitike hata kama jibu bado hana. Tukajaribu. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini kelele zilipungua, hata majirani wakauliza kama tumehama.

Halafu nikashikwa na homa. Kaka Wanjala alikuja hapa kwa amri yako, kumchukua Nasimiyu. Akanikuta kitandani natupa blanketi, nampiga teke kila anayenikaribia, siwajui watu. Kaka mwenyewe alikuwa anaingia na kutoka, anataka gari, anataka mganga, anataka kunibeba mgongoni mpaka hospitali. Nasimiyu aliketi. Alininywesha maji kwa kijiko, nikiyatema ananinywesha tena. Alinifunga blanketi, akamwambia kaka, "Wewe shika miguu. Tajiri ameshakwenda kuomba gari." Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, alinipiga sindano, akamfundisha Nasimiyu vidonge vya kumeza. Hakukosea hata kimoja, wala hakuondoka mpaka nilipomtambua.

Kaka akaniambia, "Ati huyu ndiye mzito? Bana, mimi ningekuwa nimeshakimbia." Akarudi Myanga peke yake. Muulize, ataapa mbele yako.

Ndiyo maana nashangaa kusikia umeshamtafuta msichana mwingine, na wazee wameitwa waje wakae kikao juu ya jambo hilo. Mayi, nakuheshimu, wewe ndiwe uliyenizaa. Lakini huyo msichana mwambie aolewe na mtu mwingine. Simrudishi mke wangu. Tukishavuna nitakuja naye Myanga, nitasimama mbele ya hao wazee, na nitasema maneno haya haya bila kupandisha sauti. Nitakula kwanza.

Nami nakuomba jambo moja tu. Ukimwita, ngoja kidogo. Atakuja.

Msalimie baba mdogo, na shangazi aliyenilea wewe ulipokuwa mgonjwa. Kaka Wanjala na shemeji wapokee shukrani zangu. Mwalimu naye Mungu amtunzie macho.

Kabla ya kufunga bahasha nimemuuliza Nasimiyu ana neno gani kwako. Amekaa kimya mpaka nimeshona mfuko mzima wa shati. Kisha akasema, "Mwambie Mayi kwamba Mabanga nitapita kusalimia tu. Nyumbani ni Myanga. Aniwekee jembe."

Ni mimi mwanao,
Wafula, fundi wa nguo