Kuku wa Opera Hawatembei

Jumatatu, 3 Machi

Haya, simu, andika. Binti yangu kaniwekea hiki kitu: mimi naongea, chenyewe kinaandika. Kusoma sijui, kwa hiyo kikiandika matusi shauri yake.

Leo nimekwenda kuona mazoezi ya hiyo opera yao mpya. Opera ni mchezo ambao mtu hawezi kuomba hata maji bila kuimba. Hii ni ya kutetea wanyama wa kufugwa. Binti yangu ndiye mwimbaji wao mkuu, yuko jukwaani mwanzo mwisho. Anaigiza mwanamke wa machinjio ya kuku. Kavaa aproni, buti za mpira, na kidole gumba cha kushoto kakifunga plasta.

Nikatazama gumba langu. Lile nililojikata kazini, mwaka aliozaliwa mdogo wake. Hakuniomba. Kaenda kuwasimulia, wakaliwekea na kinanda.

Anaimba eti nisamehe, nisamehe, kuku elfu mbili kwa siku. Mimi sikumwomba kuku msamaha. Niliomba zamu iishe, miguu iliniuma. Mwishoni anatupa kisu, anaapa hatakishika tena. Hilo nalo langu. Nilimwambia yeye peke yake, siku niliyoacha kazi, tumekaa jikoni.

Nilitoka nje nikatema mate.

Jumatano, 5 Machi

Mchuzi wa leo chumvi imezidi. Mkono umeanza kusahau — nilikuwa nasema nini? Kuku. Wana kuku wa kweli, kumi na wawili. Mchezo ukiisha binti yangu anafungua kreti, kuku wanatembea wenyewe mpaka kwenye mlango wenye mwanga. Wako huru. Watu walie.

Nikaomba kuwaona. Wamewekwa stoo ya mapazia, chini ya jukwaa. Harufu ikanipokea mlangoni, ile ile ya miaka ishirini na sita. Nikawasha taa.

Broila. Watetezi wa wanyama wamenunua broila, kwa sababu ni weupe, wanaonekana vizuri kwenye taa. Waliwachukua wa wiki nne, mazoezi yamekwenda wiki sita. Broila wa wiki kumi! Huyo alitakiwa awe sufuriani zamani. Kifua kama mto wa kochi, miguu imepinda, tumbo limebabuka kwa kulalia kinyesi.

Mshona mavazi ndiye anayewalisha. Nikamwuliza anawapa nini. Kile cha dukani, mama, cha bei kabisa, wanamaliza chote. Nikamwambia hicho ndicho kinachowavunja miguu. Akacheka, akadhani natania.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenawa mikono mara tatu, na sikushika kitu.

Leo wamejaribu ule mwisho. Binti yangu kaimba — sitasema uongo, mwili ulinisisimka. Kafungua kreti. Hakuna aliyetoka. Kaimba tena. Mmoja kajikokota kwa mabawa hatua mbili, kakaa. Wapiga muziki wakaanza kuguna.

Mwongozaji wao, mimi namwita Skafu, anavaa skafu hata jua likiwaka, anasema wana woga, hawajazoea jukwaa. Nikasema pale pale kitini: hawana woga, hawana miguu.

Nyumbani binti yangu kaniambia, Mama, umeniaibisha mbele ya wenzangu. Nikamwambia, wewe umeniimba mbele ya wenzako, mpaka na plasta. Kaosha vyombo kwa kelele, hata visafi kaviosha.

Jumamosi, 8 Machi

Onyesho la kwanza, la alasiri. Nasema polepole, niko stooni na kuku.

Skafu alinifuata kabla watu hawajaingia. Kanishika mkono kama mkwe. Bibi, wewe ndiye fundi. Tumepata wa kienyeji, wepesi, watatembea. Hawa wanateseka, tusaidie, kimya kimya, watazamaji wasisikie. Kisu cha jukwaani butu, kwa hiyo kaniletea cha kweli, kakifunga gazeti. Na ndoo.

Nikamwuliza, binti yangu anajua?

Kasema, yeye ndiye aliyeniambia nikuombe.

Basi nimekaa. Huyu aliye mapajani mwangu kavunjika paja, anahema mdomo wazi. Anachohitaji nakijua, mtu yeyote wa kazi yetu anakijua. Hicho ndicho kinachoniudhi: Skafu hajakosea. Kawavunja miguu kwa chakula kizuri, sasa ananiletea mimi huruma yake imefungwa kwenye gazeti.

Juu ya kichwa changu mbao zinalia. Nazitambua zile buti. Ameanza ule wimbo wa kutupa kisu. Watu kimya kabisa.

Ngazi za kupandia jukwaani ziko hapa hapa, nane, nimezihesabu; nikipanda naye, watu wote watamwona. Ndoo nayo iko hapa.

Kuku kalaza kichwa kwenye gumba langu.

Ngoja nikuweke chini, simu. Huyu anataka mikono miwili.