Bukini Watano na Jicho la Kulia

Tarehe 2 Februari

Kwako mke mwenzangu mdogo,

Pokea salamu kabla sijaanza kelele. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini nimeyazoea kama mtu anavyomzoea wifi. Wewe je, kikohozi kimekuachia? Unakula, au bado unashindia chai mpaka mifupa inakutoka kama mwavuli?

Anayeandika ni Fundi, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, yule mwenye cherehani. Unamjua alivyo mpole, nzi akimtua humwomba radhi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Habari ni bata. Yule bata bukini wangu jike ameuawa na mbwa wa jirani, naye alikuwa amelalia mayai sita, zimebaki siku mbili tatu tu. Jirani nimeshamwambia ya kumwambia, siku hizi akiniona anapita nyuma ya choo. Nikayaweka mayai sikioni, nikasikia kitu kinagonga ndani. Sasa ningefanyaje? Niliyafunga kwenye sweta nikalala nayo tumboni. Siku tatu sikugeuka ubavu. Wametoka watano, la sita lilikuwa viza.

Kitu cha kwanza walichokiona duniani ni uso wangu, maskini, na wakaupenda. Sasa mimi ndiye mama. Nikiingia bafuni wanajipanga mlangoni wanalia kama nimeshazikwa.

Kwa hiyo ile safari ya jicho, tarehe kumi mwezi ujao, siji. Nina watoto wachanga.

Bibi yako, mke mkubwa

Tarehe 8 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Kikohozi kimepoa na chakula nakula, hata kama hutaniamini. Pole kwa bukini wako. Hongera kwa uzazi.

Lakini Bibi, hiyo tarehe unayoitupa haikuokotwa. Miezi minne nimefua na kupiga pasi makoti ya daktari wa macho hapa hospitalini, kola zimesimama kama ukuta, mpaka akaniuliza nataka nini. Nikamwambia bibi yangu ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Akakuandikia nafasi kwa mkono wake. La kulia ndilo analoliogopa. Anasema likiachwa likomae zaidi, kulitoa kutakuwa kazi, na huenda usione nalo tena.

Kuhusu vifaranga, nimemuuliza mama mmoja wa jikoni aliyefuga bukini. Wawekee boksi lenye taa kwa juu. Wakibanana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta wana joto. Maji yawe ya kuchovya mdomo na pua tu, wasiogelee, manyoya yao bado hayana mafuta. Chakula ni pumba laini za vifaranga, zilowane kidogo, na majani machanga yaliyokatwakatwa. Chini usiweke gazeti, wanateleza, miguu inapanuka.

Wape wiki nne, kisha waachie Fundi. Tafadhali.

Mjukuu wako

Tarehe 14 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi tuko sita na wote tunapumua, lakini barua yako ilichelewa.

Nilikuwa nimeshawatia kwenye beseni. Nilisema bata ni bata. Wakalowa chepechepe kama matambara, vichwa vikalegea. Niliwakausha kifuani, mmoja mmoja, nikiwatukana ili wasilale. Gazeti nalo nilikuwa nimetandika, mmoja akapanuka miguu kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Fundi amemfunga kitambaa, mguu na mguu, na ndani ya siku tatu anatembea. Naye ndiye mwizi kuliko wote.

Sasa nikushtakie huyo Fundi. Jana nimekata majani yangu vizuri, nikawawekea, hawali. Nikawagombeza, wananitazama tu. Kumbe mtu mzima na akili zake ameacha mkono wa gauni la mteja juu ya lundo la majani, rangi ya kijani, nami nimeukatakata wote pamoja na vifungo. Nimemuuliza kama hicho ndicho kitu cha kuacha mahali ninapofanyia kazi. Akaniomba samahani. Mteja amelia mpaka basi.

Daktari msalimie. Mwambie makoti ayafue mwenyewe.

Bibi yako

Tarehe 19 Februari

Bibi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia. Kisha nikaisoma tena, sikucheka.

Umekata gauni la mtu, pamoja na vifungo, ukadhani ni majani. Watoto wa wiki mbili wameona, wewe hukuona. Hao bata si sababu. Ungekuwa huna bata ungesema paa linavuja. Mimi ndiye niliyelala mgongoni kwako, nakujua. Niambie kweli unachoogopa, hata kama ni aibu.

Mjukuu wako

Tarehe 25 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba, na una mdomo. Sijui umeurithi wapi.

Nilimjaribu Fundi. Nikajificha chumbani asubuhi nzima, yeye akae na watoto. Aliwaambia, karibuni chakula. Wakamkalia kimya. Wamelelewa kwa matusi hawa, ukiwasemesha kwa adabu wanadhani umekosea nyumba. Mpaka nikapiga kelele kupitia dirishani, “Kuleni, wezi nyie, wenye shingo kama mabomba!” Ndipo wakala.

Kweli unayoitaka ni hii. Babu yako aliingia hospitali akitembea, mguu umevimba kidogo tu. Mlangoni alinipa kofia yake, akasema, “Nishikie, natoka sasa hivi.” Nilikaa na ile kofia kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, nikiikung’uta vumbi, na ndivyo walivyonikuta walipokuja kuniambia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniona nikivuka mlango wa hospitali. Jicho likifa, limekufa jicho. Mimi nabaki.

Fundi ameacha kuandika, anapenga kamasi. Nimemwambia aandike, hakuna aliyemwita msibani.

Bibi yako

Tarehe 2 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sina mengi.

Nitakuja mwenyewe tarehe nane, tutapanda basi pamoja. Siku ile usinipe kitu chochote nikushikie. Utaingia na kanga zako, ndala zako na mkoba wako. Nimemuuliza daktari kama naweza kusimama ndani. Amesema nikivaa koti nililolifua mwenyewe, atajifanya hanioni.

Mfundishe Fundi kutukana. Una siku sita.

Mjukuu wako

Tarehe 30 Machi

Mke mwenzangu mdogo,

Nimefika salama, dawa ya matone natia kama ulivyonionyesha, na simruhusu mtu anisogelee na moshi.

Nimeyaona mengi na si yote nimeyapenda. Nyumba yangu ni chafu. Bata niliokuwa nawasifia kwa weupe, wawili ni wa kijivu. Na Fundi ana mvi! Miaka yote namwita kijana, namtuma kama mtoto, kumbe ni mzee mwenzangu. Ananiomba nisiseme zaidi, na mimi ndiye ninayesema.

Wale watoto hawanitaki. Nimeingia uani nikawaita, wakanipita kama mgeni, wakamkimbilia yeye. Naye, mtu aliyekuwa akinong’ona, kasimama mlangoni kafoka, “Mnakwenda wapi, vichwa maji nyie?” Wamejipanga nyuma yake watano. Wateja nao siku hizi anawafokea, na wamezidi kuja. Nimekaa jikoni nikalia kidogo. Usimwambie mtu. Fundi keshajua, basi.

Nawe nimekuona. Ulipotoa ile bandeji uso wako ulikuwa karibu na wangu, na una kovu dogo juu ya nyusi nisilolijua. Nimekulea mimi, limeingia lini bila mimi kuliona?

Muulize daktari la kushoto analitaka siku gani. Bata wana mtu.

Bibi yako