Kipini cha Bibi Harusi wa Kitamili

Mdogo wangu Mwanahawa,

Inshallah kadi hii itakukuta mzima hapo Pangani. Mie huku Mikocheni kwa mwanangu Salimu sijambo, ila yeye na mkewe wanaondoka alfajiri kwenda kazini, nyumbani tunabaki mie na friji.

Jana jirani yetu Mhindi, Mtamili, alikuwa anaoza binti, akanialika. Bibi harusi kashapambwa, kimebaki kipini cha pua. Kwao ndicho heshima ya ndoa. Mume akifa, mke hukivua. Mama mtu, ndiye huyo jirani, ni mjane, basi kasimama mlango wa jiko, hasogei. Shangazi mtu ndiye aliyekishika. Akaninong'oneza, "Mjane akikigusa, nuksi." Nikarudi nyuma hatua, maana na mie mjane.

Binti akaziba pua kwa kiganja. "Nuksi gani, shangazi? Asiponivisha mama, sivai. Kuleni wali mwende!"

Mama akaja akijifuta mikono kwenye sari, akamvisha, wote wawili machozi.

Mwenzio nikajishika pua. Eda nilimaliza zamani, lakini kipini changu sijakirudisha. Kimo kwenye sanduku la marehemu mama, hapo kwako. Usimpe mtu aniletee. Njoo nacho wewe, univishe.

Nakuombea katika kila swala.

Dada yako, Rehema