Watu Wasiosema Hapana

Vang, Minnesota
9 Februari

Mdogo wangu Loren,

Natumai hujambo, na lile goti limepoa. Sisi huku wazima, ila baridi, ambayo sikusimulii kwa kuwa nawe unayo. Nimeshika kalamu kwa sababu nikikutumia ujumbe kwenye simu, anayejibu si wewe. Ni msaidizi wako, naye huniita "mpiga kura mpendwa".

Jumamosi ulisema vizuri kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Hakuna aliyekulazimisha, ukawaahidi wajumbe wa kaunti kwamba mkutano mkuu wa chama ukimteua mwingine kugombea ugavana, utajitoa; hutakwenda kwenye kura ya mchujo hata kama sheria inakuruhusu. Nami, mwenyekiti wao, nikasimama nikasema, "Mtoto wa Einar Kvamme akitoa neno, limetoka." Jina langu nimeliweka rehani hapo.

Lakini uliondoka ukitabasamu, na tabasamu hilo limeninyima raha. Orvin Tofte alikuuliza kwa nini ulipiga kura ya kufunga wodi yetu ya uzazi. Ukamhubiria habari za bajeti. Akasema, "Hilo nalo ni jambo," akakuongezea kahawa, akauliza bei ya soya. Loren, miaka ishirini na mbili kwenye Seneti ya jimbo imekusahaulisha lugha ya kwenu? Hapa mtu hakwambii hapana. Anakujazia kikombe na kukufungia keki ya kwenda nayo. Uliondoka na keki tatu. Hizo ni za matanga.

Dada yako,
Ardis

St. Paul
2 Machi

Dada Ardis,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Goti ni lilelile. Wifi yako Marlys anakusalimu; ananiona zaidi kwenye televisheni kuliko nyumbani.

Keki ni keki, dada. Kaunti ya nyumbani ninayo mfukoni.

Kuhusu wodi, nitakwambia ukweli. Kiongozi wetu wa Seneti alitaka kura yangu kwenye ule muswada, nami nilitaka aniunge mkono kwenye ugavana. Ndivyo kazi ilivyo. Nimezeeka nikirekebisha koma kwenye miswada ya wenzangu, wao wakipigwa picha. Nikikalia kiti cha gavana, wodi hiyo itafunguliwa. Nipe muda tu. Nimechoka kuwa mtu wa kukaribia tu bila kufika.

Mdogo wako,
Loren

Vang
20 Aprili

Loren,

Natumai u mzima. Huku si wazima wote.

Kayleen, mkwe wa Orvin, amejifungulia kwenye gari la mizigo, kando ya barabara, karibu na kiwanda cha sukari. Hospitali yenye mkunga ilikuwa bado mbali. Mtoto anapumua. Mama alipoteza damu nyingi; mpaka leo hajasimama. Nilimpelekea Orvin bakuli la nyama na viazi. Akasema, "Afadhali theluji ilikuwa imeyeyuka."

Ndicho alichosema, Loren. Mwingine angevunja dirisha lako kwa jiwe, nawe ungejua umekosa. Hawa hawana mawe. Ndiyo maana watu wa aina yako mnawatawala kwa raha, kisha mnashangaa.

Njoo ukae naye jikoni. Usieleze kitu. Kaa tu.

Ardis

St. Paul
8 Juni

Dada mpendwa,

Sijui nianze na salamu gani. Mkutano uliuona mwenyewe. Renata Bohlke, meya ambaye hajawahi kuandika hata sheria ya mbwa, ndiye mteule wa chama. Wale waliokuwa wangu tangu asubuhi waliinuka kwenye viti mmoja mmoja wakahamia upande wake, na walioanza kuinuka ni wa kaunti yetu. Orvin alipita akanigusa bega. "Umejitahidi, Loren." Umejitahidi!

Najua wewe hukuinuka. Nilikuona umebaki peke yako kwenye safu nzima.

Sasa nakuomba kitu. Washauri wangu wanasema mchujo wa Agosti haujapotea. Wajumbe ni wachache, wapiga kura ni wengi. Kikwazo ni ile ahadi. Wanataka tangazo la televisheni: wewe jikoni kwa mama, na aproni yako, useme tu kwamba unaniamini. Ukilisema wewe uliyenidhamini, watu watanisamehe. Wapiga picha wanaweza kuja Alhamisi.

Loren

Vang
12 Juni

Loren,

Nashukuru kwa barua. Goti langu nalo limeanza.

Wasije Alhamisi, wala siku nyingine. Ahadi hukung'olewa kwa nguvu kama jino. Uliitoa mwenyewe, ukapigiwa makofi, ukala keki zake. Mtu anayetimiza neno siku ya kushinda tu hajatimiza neno, ameshinda tu. Na usiniambie habari ya mkakati. Kila mwoga wa mji mkuu ana mkakati.

Jitoe kesho. Utakuwa umepoteza ugavana, basi. Utarudi hapa na watu watanyamaza nawe kwa wema, si kama wanavyonyamaza sasa.

Nilikaa peke yangu kwenye safu ile kwa sababu nilikuwa nimesema nitakaa.

Ardis

Njiani, mjini Bemidji
26 Julai

Dada,

Hujambo? Simu hupokei.

Jina langu liko kwenye karatasi ya kura, na muda wa kuliondoa umepita. Nimezunguka kila sherehe ya kaunti katika jimbo hili. Watu wananipungia mkono. Nilipita Vang Jumapili. Mlango wako ulikuwa umefungwa, lakini Orvin alinijazia mahindi mabichi nyuma ya gari. Nadhani upepo unageuka.

Nalala vibaya. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

Vang
13 Agosti

Mdogo wangu,

Natumai umelala. Nimesikia matokeo redioni. Umeshindwa kila mahali, na hapa kwetu zaidi.

Nilijiuzulu uenyekiti mwezi uliopita. Hakuna aliyeniomba niondoke; walinishukuru tu kwa kazi yangu nzuri, nikaelewa.

Utakaporudi watakwambia matangazo hayakutosha, au watu walikuwa mashambani. Watakudanganya kwa upole mpaka uzikwe. Kwa hiyo nakwambia mimi. Jumanne niliingia kwenye kibanda cha kura, nikalisoma jina la baba yetu kwenye karatasi, nikaweka alama kwa Renata Bohlke. Mkono ulikuwa umechoka.

Ukitaka kugombana, njoo. Nipo nyumbani.

Dada yako,
Ardis