Tulivyompoteza Mkaguzi

Jumatatu, 8 Julai

Nimefagia ngazi mara mbili na vumbi bado lipo. Kiangazi cha Geita. Lori moja likipita, kazi yote inaanza upya. Salum, mwenzangu wa kazi, amepaka ukuta wa nyuma rangi ya maziwa, na suruali yake pia. Mtungi wa kuzimia moto umetundikwa. Choo kina maji. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, ingawa bandeji moja nimeshaitumia mwenyewe, nilijigonga na nyundo.

Kabla ya chakula cha mchana barua pepe ikaingia. Mkaguzi anakuja Jumatano ya wiki ijayo! Anaitwa Bi. Chikondi, Mmalawi, anatumwa na shirika linalotoa Cheti. Nilipiga ukelele, Salum akaruka juu ya benchi akidhani nimeona nyoka.

Tukipewa kibali, chumba hiki juu ya duka la vipuri vya karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kitaanza kufundisha walimu. Watu watasomea hapa hapa kufundisha watu wazima Kiingereza, na Cheti chao kitakubalika popote duniani. Sasa hivi anayekitaka lazima aende Nairobi. Mimi nilikwenda Nairobi.

Siwezi kula. Nina furaha mno.

Jumatano, 10 Julai

Kabula amekuja na mwanawe mgongoni. Mtoto ana miezi minane, mnene, anacheka na kila mtu. Kabula ni wa kwanza kati ya sita walioomba nafasi. Anafundisha shule binafsi hapa mjini, mume yuko Nyarugusu kwenye duara la dhahabu, anarudi shimo likimruhusu. Mwaka jana alipata nafasi Nairobi akaiacha. Hakutaka kumwacha mtoto.

Nilimwambia amefanya vizuri. Halafu nikageuka nikapanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilipokwenda mimi, binti yangu Limi alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilimwacha kwa mama. Nikasoma, nikafanya kazi ya kulipia masomo, nikasoma tena. Siku niliyorudi nilimkuta mlangoni, amekua, ana gauni nisilolijua. Mama alishamfundisha adabu. Aliniinamia akasema, "Shikamoo, mgeni."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Limi sasa yuko kidato cha pili, hakumbuki chochote, ananicheka nikimsimulia. Mimi sicheki. Ndiyo sababu ya chumba hiki. Wengine wanadhani ni biashara.

Ijumaa, 12 Julai

Mkaguzi hatakagua ukuta na choo tu. Lazima aone somo la majaribio. Mwalimu anayejifunza anafundisha watu wazima, watu wa kweli wasioijua mada. Mimi nakaa nyuma, naandika, sifungui mdomo. Somo likiisha namweleza mwalimu alipofanya vizuri na alipokosea, na mkaguzi ananipima kwa hilo. Yaani Kabula atafundisha na mtihani utakuwa wangu.

Kabula amechagua kuelekeza njia. Amechora ramani ya mji wa kubuni, na benki, hospitali, kanisa, msikiti, stendi. Mmoja anauliza njia, mwingine anamwelekeza. Amekata kadi nzuri sana. Nilimsifu mpaka akaona haya.

Wanafunzi wetu wa Kiingereza, wale watu wazima wa mchana, walimuuliza siku hiyo atafundisha nini. Akawaambia yote bila kuficha, na ramani akawaonyesha. Ana roho safi huyu. Mama Ngolo, mwenye mgahawa karibu na soko, aliitazama ramani ile muda mrefu kweli.

Jumapili, 14 Julai

Habari mbaya. Kuna rashi upande wa Kharumwa. Dhahabu imeonekana kwenye shamba la mtu, na watu wanahama na masufuria yao. Fundi wa chini, anayejaribu mota za karasha siku nzima mpaka sakafu yetu inatetemeka, anasema vijana wawili wake wameshaondoka.

Nusu ya darasa letu ni watu wa dhahabu. Wachimbaji, wanunuzi wadogo, wanaouzia wachimbaji chakula. Wakisikia rashi hawaagi. Nitamwonyesha Bi. Chikondi viti.

Salum anasema tumwachie Mungu. Nimemwambia Mungu hakuombwa kuleta wanafunzi kumi na wawili Jumatano, tuliombwa sisi. Amenuna. Nitamwomba radhi kesho.

Jumatatu, 15 Julai

Sijamwomba radhi. Amekuja na maandazi, mambo yameisha yenyewe.

Darasani leo wamekuja watano. Watano! Mzee Luhende hayupo, na yeye hakosagi. Ni mfugaji, ana ng'ombe wengi na wajukuu wengi zaidi. Anajifunza Kiingereza kwa sababu amechoka kutafsiriwa na watu anaowashuku. Kama mzee yule naye amefuata rashi basi tumekwisha.

Jioni nikapita mgahawa wa Mama Ngolo kutafuta watu wangu. Mlango umeegeshwa. Ndani makofi, watu wanasema kitu kwa pamoja, wanarudia, wanacheka. Niliposukuma mlango makofi yakakatika. Mama Ngolo akatokea anafuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, karibu. Chai imeisha."

Chai haijawahi kuisha kwa Mama Ngolo. Nikajua wanapanga safari ya Kharumwa na wanaona aibu kuniambia. Niliondoka bila kuaga. Nimeumia. Miaka miwili nawafundisha.

Jumanne, 16 Julai

Bi. Chikondi amefika kutoka Mwanza. Mrefu, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Amekagua vitabu, madirisha, vyeti vyetu, mtungi wa moto, na mpango wa masomo. Anaandika taratibu na uso hausemi kitu.

Mota ya chini iliwaka katikati ya mazungumzo. Kalamu yake ikatembea yenyewe juu ya meza. Tuliitazama wote wawili. Nilishuka nikamsihi fundi anyamazishe kesho asubuhi tu. Amekubali, akaniombea heri.

Naogopa sana. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Jumatano, 17 Julai

Nianzie wapi?

Walikuja. Wote! Kumi na wawili, na wengine watatu nisiowajua. Mzee Luhende amevaa koti. Mama Ngolo amevaa kitenge cha sikukuu na viatu vinavyombana. Nilitaka kuwakumbatia mmoja mmoja. Walijipanga pande mbili, nusu kushoto, nusu kulia, wenyewe, bila kuambiwa. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, nilikuwa nafurahi mno.

Nikakaa nyuma na Bi. Chikondi. Salum mlangoni na mtoto wa Kabula begani. Kabula akatundika ramani, akafungua mdomo amuulize Mama Ngolo benki iko wapi. Hajafika katikati ya swali, upande mzima wa kushoto ukajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, "Nenda moja kwa moja, pinda kulia, benki iko mbele ya kanisa." Wakapiga makofi matatu. Upande wa kulia ukapokea na swali la hospitali, ambalo halijaulizwa, na jibu lake. Makofi matatu. Mzee Luhende akasimama, akavua kofia, akatoa jibu la kadi ya sita. Kadi zilikuwa bado zimefungwa mpira.

Nikaelewa kila kitu. Makofi ya mgahawani. Chai iliyoisha. Walikuwa wanafanya mazoezi! Wamejigawa kama Bagika na Bagalu, zile kambi mbili za ngoma za Kisukuma, na mkaguzi wamemfanya mgeni aliyekuja kushindana.

Somo zima lilikwisha kabla halijaanza. Hakuna aliyebaki na kitu cha kujifunza. Darasa linang'aa kwa furaha, wananigeukia nione. Na mimi siruhusiwi kufungua mdomo. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Bi. Chikondi aliacha kuandika, na hilo lilikuwa baya kuliko kuandika.

Kabula alisimama pale na kadi mkononi. Mtoto akaanza kulia mlangoni. Nikasema moyoni, Kabula naye atalia, na mimi nitafuata.

Hakulia. Aliitoa ramani ukutani, akaikunja, akaiweka chini. Halafu akaja mpaka nyuma tulipokaa, akamwambia Bi. Chikondi kwa Kiingereza, kwa heshima, "Mama, wewe ni mgeni kweli. Unataka kwenda sokoni na hujui njia. Hawa watakupeleka kwa maneno tu. Tafadhali fuata wanachosema, hata wakikosea."

Kisha akaligeukia darasa. Akasema hakuna kushika mkono, hakuna kuonyesha kwa kidole.

Furaha yote ikawatoka usoni. Hii hawakuifanyia mazoezi.

Bi. Chikondi akavua miwani. Akasimama.

Tulishuka ngazi wote. Mama Ngolo akaanza, akasema kushoto akimaanisha kulia, na mkaguzi wa kimataifa akaingia moja kwa moja kwa fundi wa karasha, katikati ya mota na grisi. Fundi akasimama wima, mikono nyuma, akidhani anakaguliwa yeye. Darasa likapiga kelele, "Hapana! Hapana!" Bi. Chikondi akasimama pale pale akawauliza, hapana nini? Basi wakaanza kutafuta maneno. Wanayatafuta kweli, nawaona, jasho linawatoka. Kabula hawapi. Anauliza, anasubiri, akiona wamekwama kabisa anatoa moja, wanalidaka, wanalitumia wote.

Pale kona ya wauza nyama Mzee Luhende alimpeleka mpaka kwenye mfereji, akagundua, akamsimamisha kwa neno ambalo hakuwahi kulisema sawasawa tangu nimfahamu. Alilisema sawasawa. Akalirudia mwenyewe, taratibu. Bodaboda walisimamisha pikipiki zao kutazama. Mmoja akataka kumpakia mgeni bure, akafukuzwa.

Soko hatukulifikia. Darasa lilimfikisha kwa Mama Ngolo, na sijui kama lile kosa lilikuwa kosa. Chai ilikuwepo. Na wali, na samaki.

Baadaye nikamweleza Kabula kazi yake, mbele ya mkaguzi. Nilisema ukweli. Ulitoa mada yako kabla ya siku, na mimi nilikuwepo, nikakaa kimya. Lakini ulipoona wanajua tayari, uliacha ulichokipenda ukatafuta wasichokijua. Nikasema hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Bi. Chikondi akaniuliza kitu kimoja tu. Nilijua kwamba wamefanya mazoezi? Nikasema sikujua. Akaandika.

Alhamisi, 18 Julai

Nimekwenda kwa Mama Ngolo nikiwa nimekasirika. Nilikuwa na maneno mengi njiani. Nikamwambia wameniangusha mbele ya mgeni, karibu tupoteze kila kitu.

Alinivutia kiti.

"Mayu, mgeni katoka kwao na ngoma yake, sisi tuingie uwanjani hatujajipanga? Ushindwe nyumbani kwako, mbele yetu? Tungekutazamaje?"

Nikauliza, na rashi ya Kharumwa? Akasema watatu walishakwenda, akawapigia simu warudi. Warudi kutoka kwenye dhahabu, waje wanijibie benki iko wapi.

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilicheka mpaka nikaweka kichwa mezani, na nadhani nililia kidogo pia. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, nikamwomba siku nyingine wasifanye hivyo.

Jumatano, 24 Julai

Hakuna jibu. Ninafungua simu kila ninapopumua. Limi amenificha chaja.

Salum anasema tutapata. Safari hii sikumjibu vibaya. Kabula ameulizia nauli ya Nairobi, akiba tu, amesema. Mtoto anaota jino. Nimeishiwa subira na sura ya kila mtu, yangu kwanza.

Jumatatu, 29 Julai

TUMEPATA!

Tumepata, tumepata. Kibali cha mwaka mmoja, kisha wanakuja tena. Masharti mawili. Kelele za chini zishughulikiwe, na mada ya somo la majaribio isitajwe kwa wanafunzi kabla ya siku. Salum alilisoma sharti la pili kwa sauti akashindwa kumaliza kwa kicheko.

Nilipiga ukelele dirishani. Fundi akazima mota, akapanda ngazi mbio kuuliza nani amefariki. Tulimwambia. Akakubali kuhamishia majaribio nyuma ya duka, tena akasema yule mama wa miwani ni mkali lakini ana heshima, alimsalimia vizuri.

Nikampigia Kabula. Kwanza nilisikia mtoto tu. Halafu akasema, "Kwa hiyo siendi."

Nikamwambia huendi.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya kwanza ya kozi. Walimu sita. Vumbi la ngazi kama kawaida. Chini kumetulia, mpaka nasikia feni.

Kabula ametandika kanga kwenye kona ya nyuma na mtoto amelala hapo asubuhi karibu yote. Alikuwa ubaoni, anaeleza wenzake mpango wake wa somo, mtoto alipoamka. Nilimbeba haraka nimbembeleze, Kabula asikatishwe. Nilimwimbia. Nilimtikisa. Hakunitaka. Alinitazama usoni, akapinda mgongo, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ubaoni.

Kabula alisimama na chaki. Aliniangalia kama anaomba ruhusa.

Nilivuka chumba nikampa mwanawe. Akakaa kwenye kiti cha karibu akamnyonyesha, na sisi tukasubiri.