Ukuta Niliousawazisha

Nyumba ya Babu,
Kijijini.
9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia na mara ya pili, maana shikamoo ya leo ina kazi nzito kuliko siku zote. Magoti yanasemaje na baridi ya asubuhi? Wajukuu wanakutunza au wanakuchosha? Sisi huku wazima. Mke wangu alikuwa na mafua, yamemwachia, na sasa amepata tena nguvu za kunisema kama kawaida yake.

Na wewe shemeji, mke wa binamu yangu, unayemsomea barua hii: nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Nakujua una huruma, na utafika mahali utake kunisitiri. Usinisitiri.

Shangazi, barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Unasema macho yamefunga kabisa na daktari hana la kuongeza. Pole sana, mama yetu. Unasema unarudi nyumbani mvua zikiisha, kwa sababu huko mjini unajigonga kila pembe, lakini hapa huhitaji macho. "Nifikisheni tu mlango wa jikoni, mkono wangu uguse ukuta wa bustani, mengine niachieni." Hayo ni maneno yako.

Nyumba yenyewe iko kama ulivyoiacha. Bado imeipa barabara mgongo, haina hata dirisha moja upande wa nje, na mgeni bado anainama mlangoni apende asipende. Kuta ni nene, ukilala chumba cha kati husikii mvua. Shubaka la taa pale ukumbini bado lina masizi ya kibatari. Madirisha yote yanatazama bustani, na mlimau umezaa mpaka tunagawa. Naona nazunguka nyumba kama mtu anayeogopa kubisha hodi.

Ukuta wa bustani unaujua kuliko mimi. Babu aliujenga kipande kipande, na kila mtoto wake akampa sehemu aweke mawe apendavyo. Sehemu ya marehemu baba yangu inaanzia mlango wa jikoni hadi mlimau, mawe makubwa ya mraba, maana hata utotoni hakutaka mzaha. Inafuata ya baba mdogo, mawe yaliyolazwa kiubavu. Mkono ukiyagusa unajua kisima kiko karibu, punguza mwendo. Mwisho ni yako, pale kwenye kiti cha mawe. Ni vile vijiwe vya mtoni ulivyovibandika mwenyewe kwenye chokaa mbichi, ukiwa bado na meno ya utoto.

Shangazi, nimeupiga plasta.

Wote, toka mlango wa jikoni hadi kwenye kiti. Simenti, ikasawazishwa kwa ubao, ikapakwa rangi nyeupe. Ukiupitishia mkono sasa ni kama kupapasa sahani.

Mzazi mwenzangu, baba wa mume wa binti yangu, alikuja kututembelea. Unajua ni mkandarasi, anajenga maghorofa. Akautazama ukuta, akacheka, akasema, "Huu ulijengwa na mafundi watatu waliogombana." Watu wote wakacheka, mimi nikacheka zaidi yao, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki iliyofuata nikaita fundi.

Mke wangu aliniuliza, "Kwani huu ukuta umekukosea nini?" Nikamjibu kwamba mambo ya majengo aniachie mimi. Sikio la kufa halisikii dawa. Kazi ilipoisha niliweka kiti katikati ya bustani nikautazama, nikajiona bwana. Rangi haijakauka sawasawa, barua yako ikaingia.

Niliona aibu mahali pasipo na aibu. Sasa ninayo ya haki, na sina pa kuuweka uso wangu. Nimezaliwa ndani ya ukuta ule, nikadhani kazi yake ni kutazamwa.

Tangu Jumamosi nagonga kwa nyundo na patasi. Sehemu ya baba imetoka vizuri, mawe yale hayakuijali simenti. Ya baba mdogo imetoka na makovu, lakini mlalo wake unagusika. Nilifumba macho nikajaribu, nikajua pa kusimama kabla ya kisima.

Yako ndiyo iliyonishinda. Simenti imevikumbatia vile vijiwe, na kila nikiibandua vinatoka nayo. Nilitupa nyundo, nikakaa chini nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Baadaye nilivisafisha kimoja kimoja, nikachanganya chokaa, nikaanza kuvirudisha kwa uangalifu wangu wote. Nilipomaliza nikamwita mke wangu, nikamwambia afumbe macho aguse. Akapitisha mkono taratibu hadi mwisho, akarudia. Akasema, "Vimenyooka mno. Huyu si Shangazi. Huyu ni wewe."

Nikavitoa vyote kabla chokaa haijashika. Viko kwenye beseni kando ya kiti, vimeoshwa.

Sikuombi msamaha kwa barua, msamaha nitaupigia magoti. Ninachouliza ni kimoja: bado unakuja? Ukisema huwezi kurudi kwenye nyumba ambayo mkono wako hauijui, nitakuelewa, na kosa litabaki langu.

Lakini ukija, nitakupokea mimi mlango wa jikoni. Mkono mmoja uweke ukutani, mwingine begani kwangu. Kaka yako mkubwa atakufikisha kwenye mlimau, mdogo wake atakusimamisha kabla ya kisima. Pale mkono utakapokosa cha kushika, hapo ndipo kwako. Chokaa nitakuwa nimeshaichanganya.

Nisalimie binamu yangu na wanawe wote, na yule wa mwisho mwambie limau zake namwekea. Baba mdogo anakusalimu sana. Anakuja kila jioni kuugusa ukuta, na mimi hanisemeshi. Mungu akupe wepesi katika giza hilo, aziongoze hatua zako hadi mlangoni kwenu.

Wako akupendaye, anayeona haya kukuita shangazi,

Mwana wa kaka yako

Shemeji, kama amenyamaza baada ya kusikia haya, usinitungie jibu. Niandikie hivyo hivyo, kwamba amenyamaza.